Ile ngazi yako moja

Dar es Salaam,
Jumapili usiku

Swahiba yangu Hamisi,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, ila mvua imetukalia. Ramani zako zimefika. Tangu Ijumaa nimezitandaza kwenye meza ya chakula, mke wangu analishia watoto jikoni na manung'uniko juu. Hoteli nzuri. Ile baraza inayotazama bahari nimeipenda hasa. Lakini sikuzungushi: ghorofa sita, na ngazi moja, tena imeizunguka lifti, wazi toka chini hadi juu. Hiyo mimi siigongei mhuri.

Najua utakachosema. Nguzo za zege, kuta za tofali, sakafu vigae, kitaungua nini? Basi sikiliza habari ya Winecoff.

Ilikuwa hoteli ya ghorofa 15 mjini Atlanta, Marekani, iliyofunguliwa 1913. Waliitangaza kuwa haishiki moto, na kwa jengo lenyewe hawakuongopa: mpaka leo limesimama na wageni wanalala humo. Alfajiri ya Desemba 7, 1946 moto ulizuka ghorofa za chini. Ngazi ilikuwa moja, haina mlango wa kuizuia, ikawa dohani: moshi na moto vikapanda humohumo ambamo watu walitaka kushukia. Juu ya milango ya vyumba palikuwa na vidirisha vya kupitisha hewa, kama vile vya nyumba ya babu yako kule Ngamiani, moto ukapenyea hapo. Watu wakafunga mashuka madirishani washuke nayo. Wengine waliruka. Walikufa 119, akiwemo mzee aliyeipa hoteli jina lake. Zege halikuungua, Hamisi. Viliungua vilivyokuwa ndani: mazulia, magodoro, nguo zilizobandikwa ukutani. Nawe hapa umeandika kwa mkono wako, "korido zote zipambwe kwa mbao na kitambaa".

Kama 1946 ni zamani mno kwako, hoteli ya MGM Grand ya Las Vegas, hukohuko Marekani, iliungua Novemba 21, 1980. Moto ulianzia mgahawani, chini kabisa, lakini wengi katika wale 85 waliokufa walikuwa ghorofa za juu ambako moto haukufika. Moshi uliwafuata kupitia mashimo ya lifti na ngazi. Waliokimbilia ngazini walikuta milango imejifunga nyuma yao, na upande wa ngazini haifunguki. Mgahawa ule haukuwa na mabomba ya dari yanayonyunyiza maji yenyewe, kwa hesabu kwamba utakuwa na watu saa 24, atakayeona moto atapiga kelele. Asubuhi ile ulikuwa umefungwa.

Kwa hiyo nimechora kwa penseli nyekundu, usikasirike. Ngazi ya pili nimeiweka mwisho wa korido upande wa mashariki, ishukie nje moja kwa moja, isipitie mapokezi. Inakula chumba kimoja kila ghorofa. Najua chumba ni hela. Ngazi zote mbili zizungushiwe ukuta, na milango yake iwe inayohimili moto na kujifunga yenyewe. Waambie wahudumu mapema wasiiegemezee ndoo ya deki. Mbao na kitambaa cha korido nimevifuta.

Mlango wa kutokea ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Mwaka juzi nililala hoteli moja, mji siutaji. Kawaida yangu kabla ya kulala hupita korido nikihesabu milango hadi ngazi ya dharura, mke wangu hunicheka. Nikafika: juu taa ya kijani, KUTOKA, chini mnyororo na kufuli. Nikamuuliza kijana wa mapokezi. Akasema wageni walikuwa wakitorokea hapo bila kulipa. Ufunguo uko wapi? Kwa meneja. Meneja yuko wapi? Kaenda msibani. Nikarudi chumbani, nikalala na viatu. Kama nawe unaogopa watoro, weka komeo la kusukuma kwa kifua linalopiga king'ora mapokezi likiguswa. Kufuli hapana.

Na zile nondo za madirisha, kila chumba kiwe na dirisha moja ambalo nondo zake zinafunguka kwa ndani bila ufunguo. Lango la mita mbili na nusu lipanue. Gari la Zimamoto litabaki barabarani likikupigia honi. Baa ya makuti juu ya paa, pamoja na jiko lake la mishikaki, ishushe uani, mbali na jengo. Makuti makavu na cheche za mkaa unavijua mwenyewe, tumekulia pwani.

Ukimaliza, ramani zipeleke kwa watu wa Zimamoto na Uokoaji kabla hujamwaga msingi. Cheti chao utakihitaji tu, na kubomoa ngazi iliyokwisha mwagwa ni kilio.

Nipigie ukishapoa. Msalimie Bi Mkubwa, mwambie mkate wa kumimina ulifika nusu. Nusu nyingine kondakta wa basi anaijua.

Ni mimi nduguyo,
Salim