Risala ya Wanariadha wa Sekondari na Vyuo vya Ualimu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Kambi ya Mkoa

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Wakuu wa shule na vyuo, walimu wa michezo, wazazi na wanamichezo wenzetu,

Shikamooni.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima, ukimwacha mwenzetu wa kuruka juu aliyeteguka kifundo cha mguu juzi. Yule pale, mguu juu ya benchi. Nawe tunakushukuru kwa kukubali kuja kula vumbi pamoja nasi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, katika kambi hii tupo wa sekondari tunaojiandaa na UMISSETA, mashindano ya taifa ya shule za sekondari, pamoja na kaka na dada zetu wa vyuo vya ualimu. Mkoa wa Manyara haujaanza kukimbia leo. Mbulu ndiko alikotoka John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki kule Mexico mwaka 1968 goti likiwa limefungwa bandeji. Katesh ndiko alikotoka Gidamis Shahanga, aliyetwaa dhahabu ya marathoni katika michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, kisha akachukua ya mita 10,000 mwaka 1982.

Majina haya huyasikia katika kila risala. Lisilosemwa sana ni kwamba Shahanga, kama mkimbiaji mwenzake Suleiman Nyambui, alipata kusoma Chuo Kikuu cha Texas pale El Paso, Marekani. Huko mwanafunzi hukimbia mbio za nyika wakati wa vuli, za ukumbini wakati wa baridi, na za uwanjani baridi ikiisha. Akishindwa leo, ana siku nyingine ya kujirekebisha.

Sisi msimu wetu ni wiki chache tu. Shule, wilaya, mkoa, taifa, basi. Mkimbiaji wa mita 400 aliyetolewa kwenye mchujo wa wilaya amekimbia dakika moja kwa mwaka mzima. Kama yuko kidato cha nne, ndiyo imetoka.

Tena dakika yenyewe haina uhakika. Katika mazoezi ya wiki ya kwanza, sisi wenyewe tulichora chokaa tukaweka mstari mmoja wa kuanzia kwa njia zote. Aliyekuwa njia ya nne akakimbia mita zaidi ya 22 kuliko wa njia ya kwanza, akawa wa mwisho, akalia. Mwalimu ndiye aliyegundua, akatufundisha kupima kwa kamba, kwa kuwa njia ya nje huzunguka kona ndefu zaidi: wa njia ya pili anaanzia mita 7.04 mbele ya wa kwanza, wa tatu mita 14.70. Tukarudia mbio. Yule dada akashinda, na tangu siku hiyo hachori mtu chokaa bila yeye kukagua.

Saa za kupimia muda tunazo mbili, na kila moja ina maoni yake. Mwaka 2025 jirani yetu wa Singida, Alphonce Simbu, alipata dhahabu ya dunia ya marathoni jijini Tokyo kwa kumzidi Mjerumani Amanal Petros sekunde 0.03. Hapa kwetu sekunde 0.03 ingekuwa ugomvi wa kutwa nzima.

Hatukuombi uwanja wa tartani, ule wenye njia za mpira, mheshimiwa, ingawa ukitupa hatutakataa. Tunaomba utusemee ili shule na vyuo vya mkoa vikutane kwa riadha angalau mara moja kila mwezi wakati wa muhula, hata kwenye uwanja wa nyasi kama huu. Usafiri ndio mzigo mkubwa, hivyo tumependekeza tuanze na shule zilizo jirani. Tunaomba pia saa za kupimia muda nne, kamba ya kupimia ya mita 100, vijiti vya kupokezana (tunatumia vipande vya bomba) na daftari moja la mkoa la kuandikia muda wa kila mkimbiaji, hata aliyekuwa wa nane.

Kijiti cha bomba tutakukabidhi sasa hivi, kwani tunakuomba uanzishe mbio za mwisho za leo. Wakimbiaji wa kwanza wameshajipanga.

Tunaomba kuwasilisha.