Panya wa Bramble Cay hakumalizwa na bahari peke yake

Ndugu Mhariri,

Kila panya wa Bramble Cay anapotajwa magazetini, habari yake huishia palepale: mamalia wa kwanza kutoweka kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi yaliyoletwa na binadamu. Ni kweli, ila ni nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ndiyo inayoniuma.

Bramble Cay ni fungu la mchanga katika Mlango-Bahari wa Torres, kati ya Australia na Papua New Guinea. Halizidi mita 3 juu ya bahari. Kasa hupanda kutaga, ndege wa baharini wamejaa, na hapo ndipo alipoishi panya huyu wa kahawia, mwenye mkia mrefu wenye ngozi ya kukwaruza, asiyejulikana kuishi kwingine kokote duniani. Alitegemea majani kwa chakula na maficho. Maji ya bahari yakawa yanalifunika fungu, chumvi ikaua mimea. Mwaka 2004 majani yalienea hekta 2.16, Machi 2014 zilibaki mita za mraba 650, kiwanja cha nyumba moja tu.

Sasa tazama miaka ilivyopita. Mwaka 1978 alikadiriwa kufikia mamia. Mwaka 1998 watafiti walinasa 42, na 2004 wakanasa 12. Mpango wa kumwokoa ukaandikwa 2008, nao ukasema tabianchi haielekei kuwa tishio kubwa kwake katika muda wa mpango huo! Mwaka uliofuata mvuvi mmoja akamwona, na tangu hapo hakuonekana tena. Mwaka 2014 watafiti walikwenda na mitego wakitaka kuchukua wachache wakazalishwe mahali salama. Hawakupata hata mmoja. Februari 2019 serikali ya Australia ikamtangaza rasmi kuwa ametoweka.

Hesabu zilikuwepo, basi, na zilikuwa zikishuka mbele ya macho ya wenye mamlaka. Naamini angekuwa koala, yule mnyama wa Australia anayependwa na watalii, boti ingefika mapema zaidi. Huyu alikuwa panya, hauzi tiketi ya mtalii wala hapambi noti, na kisiwa chake kiko mbali na miji.

Ombi langu kwa dawati lako la habari: mnapoandika kuhusu mnyama aliyetoweka, msiishie kwenye joto na kina cha bahari. Ulizeni mpango wa kumwokoa uliandikwa lini, nani alipewa fedha za kuutekeleza, na miaka mingapi ilipita kabla mtu hajapanda boti.

Msomaji wako