Barua kwa Mwanaidi: draya ya AC isiwe ya mtumba

Ilala, Dar es Salaam
Januari

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Natumai u mzima, shemeji na watoto hawajambo, na bi mkubwa magoti yamempa nafuu. Sisi huku wazima, ila joto la kaskazi mwaka huu limetukalia kooni, na gereji haipumui. Kila gari linaloingia ni AC.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza hadi mwisho. Unasema ukitoka Raskazone AC inapoza mpaka watoto wanaomba ipunguzwe, lakini ukikaribia Pongwe upepo unageuka wa moto, ingawa unavuma kwa nguvu ileile. Ukisimama Muheza kununua machungwa, ukizima gari kidogo, ukiwasha tena baridi imerudi. Na fundi wenu kila ukienda anakuongezea gesi na kukutoza.

Mwanaidi, tatizo lako si gesi. Ni maji yaliyomo ndani ya mfumo, nayo yanaganda barafu njiani.

Gesi ikitoka kwenye kondensa, pale mbele ya rejeta, huwa kimiminika chenye presha kubwa. Kimiminika hicho kinapitishwa kwenye ekspansheni valvu, tundu jembamba sana, na kikishapita tu presha inaporomoka na baridi inazaliwa hapo hapo. R134a, gesi ya gari lako, kwenye hewa ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Sasa kama ndani kuna maji, hata matone machache, yakifika kwenye lile tundu yanakuwa barafu na kuliziba. Gesi haipiti, baridi hakuna. Ukizima gari barafu inayeyuka, tundu linafunguka, unasafiri kwa raha mpaka izibe tena.

Fundi wako anaweza kulithibitisha hili kabla hajagusa spana. Afunge geji, awashe gari, awe na subira. Upepo ukigeuka moto, mshale wa presha ya chini utashuka mpaka chini ya sifuri. Barafu ikiyeyuka utarudi ulipokuwa. Kama ungeniambia upepo wenyewe unapungua nguvu, ningesema evaporeta, kile kipoozeo kilicho ndani ya dashibodi, inaganda kwa nje au filta ya ndani imejaa vumbi, na barua hii ingekuwa fupi. Lakini umesema unavuma vilevile, nami nakuamini, wewe ndiye unayekaa nalo barabarani.

Maji yaliingiaje? Ulipogongwa mbele mwaka jana bomba la AC lilipasuka, gari likakaa uani masika nzima likisubiri pesa. Muda wote huo bomba lilikuwa wazi, linavuta hewa ya Tanga. Kisha ukaniambia, tena kwa furaha, kwamba gereji walikubadilishia na draya, “safi kabisa, ya kutoka Japani”. Hapo ndipo moyo wangu ulipopiga.

Draya ndiyo sehemu pekee kwenye mfumo mzima yenye kazi ya kunywa maji. Kwenye magari ya zamani ni kopo jeusi limesimama peke yake, mengine yana kioo kidogo juu ambapo unaona mapovu. Kwenye magari mengi madogo ya Toyota ya miaka ya 2000, kama hilo lako, ni kifuko chembamba kimetumbukizwa ndani ya bomba lililoungana na kondensa ubavuni. Ndani yake mna punje za zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo kiasi kwamba molekuli ya maji inaingia na kunaswa, ile ya gesi inabaki nje. Kazi nzuri kabisa, ila kifuko kina kiasi chake. Kikijaa, kimejaa, na unyevu wote unaobaki unazunguka kwenye mfumo.

Sisi tunaishi kwa mtumba, sina haja ya kukuficha. Taa, milango, injini, gia boksi, nimenunua vyote vya mtumba na vingi vinafanya kazi mpaka leo. Kondensa ya mtumba naweza kuikubali nikishaipima. Draya, hapana, hata ukinipa bure. Fikiria safari yake: imekatwa kwenye gari huko Japani, midomo ya mabomba iko wazi, imepakiwa kwenye kontena, imevuka bahari, imefika dukani ikaning’inizwa kwenye msumari miezi na miezi kwenye hewa yetu hii ya pwani. Ukiacha chumvi kwenye kisahani wazi usiku mmoja wa masika unajua asubuhi inavyokuwa. Zeolaiti inanyonya maji kwa pupa kuliko chumvi. Ile draya ilikuwa imeshiba kabla haijafungwa kwenye gari lako, na kwa macho huwezi kujua, maana inang’aa tu.

Wapo watakaokwambia waianike juani, au kwamba vakyum, ile mashine ya kunyonya hewa yote mabombani, itaikausha. Usikubali. Zeolaiti haiachii maji yake mpaka ipashwe moto wa nyuzi 200 na zaidi, na hakuna jua la Tanga linalofika huko. Vakyum ina kazi yake, tena kubwa: hushusha presha ndani ya mabomba mpaka maji yachemke bila moto. Kwenye nyuzi 30 za joto, presha ikishuka kufikia kama asilimia 4 ya presha ya hewa ya kawaida, maji yanachemka na kutoka kama mvuke. Kwa hiyo vakyum inakausha mabomba. Haiwezi kulifufua draya lililoshiba.

Ukiyaacha maji humo, barafu ndiyo shida ndogo. Kwenye joto la kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, maji yakichanganyika na gesi na oili yanazaa asidi, na asidi inakula chuma kutoka ndani. Kompresa ikifa inamwaga chembe za chuma mfumo mzima, na hapo utakuwa unazungumzia pesa nyingine kabisa. Ndiyo maana nakuandikia kirefu, sitaki ufike huko.

Sasa mpe fundi wako sehemu hii aisome, na umwambie namheshimu, kila mtu na fani yake.

Gesi iliyomo aitoe kwa mashine ya kuivutia kwenye mtungi, asiifungulie hewani. Kwanza inaunguza macho na ngozi kwa baridi, avae miwani na glavu. Pili, kilo moja ya gesi hii inaipasha dunia joto kuliko kilo 1,000 za hewa ya ukaa. Hapa jirani Kigali, Oktoba 2016, nchi za dunia zilikubaliana kupunguza gesi za jamii hii, na sisi tunaoishi kwa kazi hii ndio wa kwanza kupaswa kulitimiza.

Akipuliza mabomba atumie naitrojeni kavu. Ile mashine ya kujazia tairi asiisogeze kabisa, upepo wake umebeba maji na atakuwa anarudisha kile anachokitoa. Kazi zote nyingine zitangulie: bomba, oringi (zile pete za mpira za kuziba maungio), kupima kama kunavuja. Draya iwe ya mwisho. Kwenye gari lako kifuniko kiko chini ya bomba la ubavuni, kinafunguliwa kwa alenkii namba 14. Asafishe kwanza mchanga na chumvi pembeni yake, kwa sababu kondensa ni alumini na nyuzi za skrubu za kifuniko zikiharibika atalazimika kuibadilisha yote. Akiona kimekwama asitumie nguvu, anipigie simu. Pakiti ya draya mpya isifunguliwe mpaka kifuniko kimeshatoka na mkono uko tayari. Oringi mpya azipake oili ya kompresa kidogo, na oili iliyopotea airudishe kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kopo la oili nalo lifungwe mara tu akishamimina, oili hii, iitwayo PAG, inanyonya unyevu hewani. Lililokaa wazi tangu wiki iliyopita halifai.

Kisha vakyum. Nusu saa ndiyo kiwango changu cha chini kwa gari la kawaida; lako limekaa wazi msimu mzima, nisingelipa chini ya saa nzima ya vakyum. Afunge koki za geji, azime mashine, asubiri. Mshale ukitulia, vizuri. Ukipanda kidogo halafu ukasimama, bado kuna maji yanachemka humo, arudie. Ukipanda bila kusimama, kuna tundu, na asijaze gesi mpaka alipate. Gesi ijazwe kwa mizani kufuata stika iliyobandikwa chini ya boneti. Kukadiria kwa kushika bomba na kusema “imepoa” sikubaliani nako hata kidogo, gesi ikizidi nayo inaua kompresa.

Jambo jingine, kabla sijasahau. Uliniambia kaka yako anataka kununua Aqua. Mwambie hiyo ni haibridi, gari la petroli na umeme, na kompresa yake inazungushwa kwa umeme mkubwa, na haitumii PAG. Ina oili yake maalumu isiyopitisha umeme. Fundi akimimina ya kawaida, umeme unaanza kuvuja kwenye kompresa. Aulize hilo kwanza kabla ya kumkabidhi mtu yeyote funguo.

Draya nimeshakununulia, mpya, pakiti imefungwa, pamoja na oringi zake. Nitaipeleka stendi Ijumaa ije na basi la asubuhi. Nimeandika jina la shemeji na namba yake juu ya boksi. Watoto wasiichezee wala mtu asiitoboe kuangalia kilichomo. Pakiti ikifika imechanika, niambie nitume nyingine, usiifunge. Pesa tutaongea nikija Tanga, hilo lisikuumize kichwa.

Ile ya mtumba iliyomo mwambie fundi akuoneshe akishaitoa, kisha itupeni, isije ikarudi dukani kwa mtu mwingine. Na wakati wa kujaza unipigie picha ya geji zote mbili, injini ikiwa inanguruma na AC imewashwa, nizione.

Msalimie sana bi mkubwa, mwambie ule mkeka aliouahidi nausubiri.

Shoga yako,
Zuhura