Mwamko mdogo wa nani?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu enzi likifika Newala limechelewa siku mbili, na sijawahi kuwaandikia hata mstari. Mwaka 2018 serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kila mtu akawa mtaalamu wa korosho, nilinyamaza. Ila ile habari yenu ya watoto wa Kusini kutojua kusoma imenishinda. Mwandishi kamuuliza ofisa mmoja sababu, ofisa kajibu lile neno lao la siku zote, "mwamko mdogo wa wazazi", na habari ikaishia hapo. Mkaipamba na picha ya mtoto peku.

Oktoba iliyopita mjukuu wangu wa darasa la pili alirudi shule kanuna. Nikamwambia, "Mume mwenzangu, kulikoni?" Akatoa daftari bila kujibu. Palikuwa na picha ya tunda jekundu, na chini yake kaandika: bibo. Kalamu nyekundu imelikata neno lote, karatasi imetoboka kwenye o. Pembeni mwalimu kaandika TUFAHA. "Babu, tufaha ndiyo nini?" Mimi mwenyewe nimelionja mara mbili tu, zote Dar es Salaam. Na tunaongea hayo huku nyuma ya nyumba mabibo, yale matunda ya mkorosho, yametapakaa chini ya miti, nzi wamejaa, harufu inatufuata mpaka barazani. Mtoto kaandika herufi nne, zote mahali pake. Kosa lake ni kuzaliwa penye mikorosho.

Kesho yake nikaenda shuleni. Mwalimu ni binti mpole wa mikoa ya Ziwa, ana watoto zaidi ya 90 chumba kimoja. "Shikamoo mzee. Mimi nafuata kitabu tu." Simlaumu, na yeye nani kamwambia bibo ni nini? Nikiwa bado mlangoni, msichana mmoja akasoma kwa sauti "chikapu" badala ya "kikapu", darasa zima likaangua kicheko. Hao wanaocheka, nyumbani kwao wote wanasema chi! Kimakonde kina chi pale Kiswahili kilipo na ki, ndivyo kilivyo. Yule msichana aliliona neno, akalielewa, akalitamka kwa mdomo wa mama yake. Huko ndiko kusoma. Lakini alikaa chini kafunika uso na kitabu, na nathubutu kusema hatanyoosha mkono tena mwaka huu.

Na kicheko hicho hawakukitoa hewani, Mhariri. Wamekisikia redioni. Kila mchekeshaji akiishiwa anajifanya Mmakonde. Tangazo likitaka mlinzi mjinga au mtu aliyepotea stendi, anaongea kama sisi. Mtoto wa miaka saba anasikiliza hayo kila jioni, asubuhi anaambiwa asome mbele ya wenzake bila woga. Mzee Mkapa alitoka Lupaso hapo jirani, akaongoza nchi hii miaka 10, lakini bado "Mmachinga", jina la kabila la huku Kusini, kwenu ni mtu wa kuchekwa au kufukuzwa barabarani na mgambo. Halafu mnashangaa mtoto wa huku anaficha lugha yake kama ameiiba! Nyie mlio na magazeti na redio ndio wa kwanza kuulizwa kuhusu mwamko.

Jioni ile nilifungua mfuko wa saruji, nikaandika kwa mkaa upande wa ndani: Bibi anaokota korosho. Bibo limeanguka. Mbuzi amekula bibo la bibi. Akasoma mpaka mwisho, akacheka pale kwa mbuzi, akarudia mara nne. Hapo sikumfundisha kitu, herufi alikuwa nazo.

Binti yangu anayesomea ualimu anasema jambo hili lina wataalamu wake. Huko Marekani mama mmoja, Gloria Ladson-Billings, aliwachunguza walimu 8 waliofanikiwa na watoto weusi, akakuta hawakumtaka mtoto aache lugha na desturi za kwao mlangoni ndipo afundishwe. Aliandika hayo miaka ya 1990. Vizuri, lakini sisi tulishayafanya. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa wa Elimu ya Watu Wazima, kule Kanda ya Ziwa watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vya pamba, migomba, uvuvi na ng'ombe. Mkulima wa pamba hakuanzishiwa tufaha.

Ushauri wangu ni huu. Kila Ijumaa baada ya kipindi cha tatu, shule ialike bibi mmoja atambe hadithi, kwa Kimakonde, Kimwera, Kimakua au Kiyao, mwalimu na watoto waiandike kwa Kiswahili kwenye karatasi za mifuko ya saruji, zitundikwe ukutani. Mifuko ninayo 40, imebaki tulipojenga choo, waje kuchukua. Na yule mwandishi wenu mleteni huku msimu wa korosho. Tutampa ukurasa mmoja wa Kimakonde ausome kwa sauti mbele ya darasa la pili, nanyi mchapishe alama zake ukurasa wa kwanza, pamoja na picha ya miguu yake.

Babu wa darasa la pili,
Newala, Mtwara