Barua kwa mwanangu: usisubiri oksijeni ishuke

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Sasa unaanza maisha ya mbali na nyumbani, na hiyo miasthenia gravisi, ugonjwa wako wa kulegea misuli, unakwenda nayo. Siku ukizidiwa, daktari wa zamu anaweza kuwa hajawahi kumwona mgonjwa kama wewe, kwa hiyo yashike haya.

Watakubana kidole na kile kipimo cha oksijeni, watasoma 97, watakwambia uko sawa, rudi nyumbani. Usiondoke. Mapafu yako hayana ugonjwa. Kinachochoka ni misuli inayoyavuta. Hata hewa kidogo ikiingia, damu bado inapata oksijeni, huku kaboni dayoksaidi ikijikusanya taratibu. Namba ya kidoleni hushuka mwishoni kabisa, pengine mtu ameshaanza kusinzia. Waombe wapime nguvu ya pumzi kwa spairomita, kifaa unachopulizia kupitia mrija. Wewe una kilo 55: pumzi yako kubwa ikitoa chini ya mililita 1,100, yaani mililita 20 kwa kila kilo, mahali pako ni ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, si wodi ya kawaida. Wakupime tena kila baada ya saa chache, maana kushuka kutoka 2,000 hadi 1,500 ni habari mbaya hata kama mpaka haujavukwa. Midomo ikilegea hewa huvuja pembeni ya mrija na kipimo kinadanganya. Omba watumie barakoa.

Spairomita haipo? Vuta pumzi mpaka mwisho, kisha hesabu kwa sauti, namba mbili kwa sekunde, bila kuvuta tena. Mtu mzima wa afya hufika karibu 50. Jipime siku ukiwa mzima, uandike namba yako. Ukishindwa kuvuka 20, usilale nyumbani usiku huo. Angalia na shingo: ukishindwa kuinua kichwa kutoka kwenye mto, mara nyingi misuli ya kupumua nayo iko njiani kulegea. Sauti ikianza kutokea puani, maji yakirudi puani, kikohozi kikikosa nguvu, kataa kula na kunywa. Kaa wima, uombe mpira wa puani upitishe chakula na dawa.

Kuna wengine wataiona hofu yako tu, binti anayehema, waseme ni wasiwasi na kutaka kukuchoma diazepamu, dawa ya kutuliza. Hiyo inaweza kuizima pumzi iliyobaki. Sema: "Nina udhaifu wa misuli ya kupumua, naomba nipimwe kwanza."

Dawa nyingine za kawaida kabisa huzidisha udhaifu. Jentamisini, antibiotiki ambayo wodini huandikwa kila siku, huzuia mawasiliano ya neva na misuli palepale ulipo ugonjwa wako. Siprofloksasini na azithromisini, antibiotiki nyingine, nazo zina hatari hiyo. Magneziamu ya mshipani pia, na ikumbuke siku utakapokuwa mjamzito, kwani ndiyo dawa ya kifafa cha mimba. Kwinini usikubali, malaria kali ina sindano ya artesuneti, ambayo ndiyo WHO wanaipendekeza. Ila maambukizi lazima yatibiwe, tena haraka, kwa sababu ndiyo yanayowaangusha wengi. Usikatae antibiotiki, omba nyingine.

Piridostigimini yako, ile dawa ya kuipa misuli nguvu, hudumu saa tatu hadi nne. Wodi nyingi hugawa dawa saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku; ukifuata ratiba hiyo utakuwa na saa nyingi za kushindwa hata kumeza mate. Mwombe daktari aandike saa zako kamili kwenye faili, na vidonge vyako uende navyo. Usiongeze dozi kwa kukata tamaa: ikizidi, mate hujaa, tumbo hukata na kuharisha, jasho hutoka, na misuli huzidi kulegea. Ukiwekwa kwenye mashine ya kupumulia wanaweza kuisitisha dawa hiyo kwa muda kwa sababu ya makohozi. Hilo ni sahihi, usiogope. Predinisoloni, dawa yako ya kutuliza kinga ya mwili, ndiyo isiyokatwa ghafla.

Mashine inakupa muda tu. Kinachotibu ni kubadilishwa plazima, yaani majimaji ya damu, kwa kawaida mara tano, siku moja unafanyiwa, inayofuata unapumzika, au imunoglobulini (kingamwili) ya mshipani, jumla gramu 2 kwa kilo, kwako gramu 110, ikigawanywa kwa siku mbili hadi tano. Uliza mapema kama ipo. Kama haipo, rufaa ianze kupangwa ukiwa bado unapumua mwenyewe, si baadaye.

Haya yote yaandike kwenye karatasi moja: jina la ugonjwa, dozi na saa, dawa za kuepuka, namba yako ya kuhesabu, na simu ya daktari wako wa mishipa ya fahamu. Nakala moja ikae kwenye pochi, nyingine kwa mwenzako wa chumbani, umfundishe kuisoma kwa sauti na kumpigia daktari wako, ampe simu daktari wa zamu waongee wenyewe. Sauti yako ndiyo inayoweza kukuacha kwanza.

Mama yako