Ruzuku ya Kuokoa Wanyama Hailipi Deni la Matibabu

Vikundi vinavyookota mbwa na paka waliogongwa na magari mara nyingi hutuomba tuwatibu kwanza, kwa matumaini kwamba mfadhili atakayepatikana baadaye ndiye atakayelipa. Kliniki yetu hulazimika kukataa utaratibu huo, kwa kuwa wafadhili walio wengi hawalipi gharama zilizotumika kabla ya mkataba wa ruzuku kutiwa saini. Deni la mwezi uliopita hubaki kuwa mzigo wa aliyemleta mnyama.

Mfadhili hupendelea kazi inayoweza kupangwa na kuhesabiwa. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hadi asilimia 99 ya visa vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na kwamba kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo fulani huzuia ugonjwa huo kuenea. Kenya nayo ina mkakati wa kuutokomeza kwa binadamu ifikapo mwaka 2030. Kikundi kinachoomba fedha za kuchanja na kuhasi mbwa wa kata moja, kikiwa kimekwisha kuwahesabu, huwa na hoja yenye nguvu. Mguu uliovunjika haupangiwi tarehe. Kwa sababu hiyo tunashauri andiko la mradi litenge fungu dogo la dharura, liweke kikomo cha gharama kwa kila mnyama, na litaje ni nani atakayeamua kama mnyama atibiwe au auawe bila maumivu. Wengi hulikwepa suala hilo la mwisho, ilhali kwa maoni yetu ndilo linalomthibitishia mfadhili kwamba waombaji wanaijua kazi yao.

Wateja hutuuliza kwa nini punda wa Lamu hutibiwa bure. Kituo kilichopo huko kilianzishwa mwaka 1987 na shirika la Uingereza liitwalo The Donkey Sanctuary, ambalo huchangisha fedha kwa wahisani wake mwaka hadi mwaka. Ruzuku ya miezi kumi na miwili haiwezi kubeba ahadi ya namna hiyo, na kikundi kisiitoe.

Usajili wa kikundi na akaunti ya benki yenye jina lake (si M-Pesa ya mwenyekiti) vitangulie. Sisi huandaa makadirio ya gharama yanayotenganisha chanjo, dawa ya usingizi, upasuaji, kulazwa na usafiri, yakiwa na saini ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Kazi ikifanyika, kila mnyama hupata kumbukumbu yake ya matibabu na ankara yake, ili ripoti ya matumizi isitegemee kumbukumbu za kichwani. Fedha za ruzuku hatuzitumii kwa mnyama wa mteja binafsi, hata akiwa mwanachama wa kikundi husika.

Tafadhali tuleteeni idadi ya wanyama na aina ya huduma inayohitajika angalau wiki mbili kabla ya siku ya mwisho ya kuwasilisha maombi. Bei za dawa zinazoagizwa kutoka nje hubadilika, hivyo makadirio ya mwaka jana hatuyaidhinishi upya bila kuyapitia.