Barua kwa mpwa wangu mwenye besi kuukuu

Mpwa wangu,

Salaam kutoka huku. Picha za gitaa la besi ulilonunua mtumba hapo Tanga nimeziona, na orodha ya vyuma vipya unavyotaka kuagiza nimeisoma pia. Nakuomba usiagize kitu kwanza. Vyuma hivyo vimeliwa juu na jasho la mikono na upepo wa bahari, lakini bado ni vizima.

Anza na daraja, kile chuma cha mwilini kinachobeba nyuzi. Besi yako imeigwa kutoka Precision, gitaa la besi la Kimarekani alilolitoa Leo Fender mwaka 1951. Mwanzoni daraja lake lilikuwa na vipande viwili tu, kila kimoja kikibeba nyuzi mbili; mwaka 1957 vikawa vinne, kila uzi na chake. Uhuru huo ndio uliopotea kwenye besi yako, kwa sababu vile viskrubu vya kupandisha na kushusha vimeganda. Usivilazimishe. Tia tone la mafuta ya kulainisha kutu, acha yalale usiku kucha, kisha gusisha ncha ya pasi ya kulehemu juu ya kiskrubu mpaka kipate moto. Ndipo uingize spana ya L, tena inayokaa sawasawa, maana ikicheza hata kidogo itakula tundu na hapo utahitaji fundi.

Ukilinyanyua daraja, nenda taratibu. Chini yake kuna waya mwembamba wa ethi, unaounganisha nyuzi na ethi ya umeme wa gitaa ili kuzuia mvumo. Ukikatika, spika itavuma hata ukishika nyuzi, na watu wengi hulaumu amplifaya bure.

Skrubu za chuma zenye kutu ziloweke kwenye siki, zisugue kwa mswaki wa zamani, zisuuze kwa maji yenye magadi, zikaushe vizuri, uzipake mafuta ya cherehani. Vilivyopakwa kromu usivitie siki: itapenya palipochubuka na kubandua zaidi. Hivyo visugue kwa karatasi ya foili iliyoloweshwa maji. Kromu ni ngumu kuliko foili, kwa hiyo kutu hutoka bila mikwaruzo. Palipoisha kromu kabisa hapatarudi, na mimi napapenda hivyo hivyo. Pako pale kiganja cha mpigaji kilipokuwa kikiegemea.

Matundu madogo uliyoyaona karibu na daraja usiyazibe. Huenda yalishika kifuniko cha kromu. Precision za zamani zilikuwa nacho, na ndani yake kipande cha sponji cha kuzima mlio wa nyuzi.

Funguo za kukazia nyuzi hazina tabu. Safisha meno yake kwa mswaki na mafuta ya taa, kaza skrubu ya katikati ya gurudumu, paka grisi kidogo sana. Zikibaki na ulegevu, tuni kwa kupanda: ukipitiliza noti, shuka chini yake, upande tena.

Skrubu ya mkanda inayozunguka bila kushika, jaza tundu lake kwa vijiti vya meno na gundi ya mbao, ikauke hadi kesho yake.

Nyuzi mpya ndizo za kununua, tena mwisho. Ukishazifunga, linganisha sauti ya uzi kwenye freti ya 12 (utepe wa chuma wa 12 shingoni) ukiugusa tu na ukiubana. Ukiubana ikawa juu zaidi, rudisha kipande cha daraja nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele.

Nitumie picha ya upande wa chini wa daraja kabla hujalirudisha, niuone huo waya.

Mjomba wako